Kitelezi cha Mama Béa

Nadège na Trésor, tangu wiki iliyopita hapa karakanani wananiita retraitée, na mimi bado hata wauza mboga sokoni hawajaanza kuniita mama. Aliyeanzisha ni Papa Anaclet. Alisema mtu akiacha kiti chake cha kazi kwa hiari, akakifuta vumbi na kumwachia mwingine, huyo amestaafu, awe na mvi asiwe nazo. Basi sawa, nimestaafu. Naenda Lubumbashi kujifunza kutengeneza miguu yenyewe, maana mpaka sasa nimekuwa nikiiandika tu. Kabla sijaondoka nimeona niwaachie habari za kiti hiki, na za mashine hii, na hasa za kile kitelezi cha maumivu ambacho ninyi mmekikuta kinafanya kazi vizuri na mnadhani kilizaliwa hivyo.

Hakikuzaliwa hivyo. Ngojeni.

Siku ya kwanza nilifika hapa nikidhani ni karakana ya seremala. Nilikuwa natoka kwenye kibanda cha kuchapa karatasi karibu na soko, kazi yangu kuchapa maombi ya kazi na mialiko ya harusi. Shule niliiachia mwaka wa tano wa sekondari, na siyo kwa kuichukia. Mteja mmoja akaniambia: kule nyuma ya hospitali, kwa watu wa miguu, wanatafuta mtu anayejua kompyuta. Nikawaza, miguu ya meza, miguu ya vitanda, vizuri, mbao zinanukia. Nikasukuma mlango. Ukutani ilining'inia miguu ya watu, ya plastiki, mingine imevaa kiatu na soksi, kila mmoja peke yake, kama wanakwaya waliopotelewa na wenzao.

Papa Anaclet alikuwa ameketi chini ya miguu hiyo, miwani kwenye paji la uso, anakwangua kitu kwa tupa. Hakuniuliza diploma. Alinipa mguu mmoja mikononi.

"Shika," akasema. "Usiogope, haiko na mwenyewe bado."

Nikaushika. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Nikauliza kwa nini juu ni wazi kama kikombe, kwa nini kikombe hakiko duara, kwa nini kisigino ni laini. Akajibu la kwanza, akajibu la pili, la tatu akacheka: "Weye uko na maulizo mingi. Kaa."

Ndivyo nilivyopata kazi.

Nataka mjue habari ya rangi ya midomo, kwa sababu mtakuta ile nyekundu kwenye droo ya juu na mtamfikiria vibaya mzee wa watu. Mguu mpya ukishakauka, Papa Anaclet huipaka ile rangi ndani ya kikombe, mahali pengi pengi. Mgonjwa anaingiza kipande cha mguu wake kilichobaki, anatembea kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi, kisha anautoa. Pale ngozi ilipochapwa nyekundu, ndipo kikombe kinapogandamiza. Papa Anaclet anakwangua hapo, anapaka tena, anatembeza tena. Rangi yenyewe anainunua sokoni mwenyewe, na akina mama wanaouza wanamtania: "Papa, mwaka huu madame anapenda nyekundu tu?" Na yeye, mtu wa kanisa, anajibu bila kutabasamu: "Haiko ya madame. Iko ya mugulu." Wanaogopa kuuliza zaidi.

Nilimwuliza kwa nini asimwulize mgonjwa tu panapouma. Akavua miwani.

"Fifi, muntu wa hapa ukimuuliza kama inauma, atakuambia iko muzuri. Juu anakuheshimu. Anaona umetumika, umetoka jasho, atakusema aje vibaya? Rangi haiko na heshima. Inasema tu."

Nililicheka lile neno wakati ule. Baadaye lilirudi.

Sasa mashine. Wageni wa mradi mmoja walikuja, wakaweka kompyuta na paneli za jua, wakatengeneza ndani yake ghala la habari za wagonjwa: jedwali lenye nguzo nyingi za kushuka, kila nguzo na aina yake ya habari, na mbele yake fomu ya kujazia. Wakatuachia kitabu cha maelekezo kwa Kifaransa, wakapanda ndege. Jedwali ndiyo stoo, fomu ndiyo dirisha la stoo. Unachoandika dirishani kinapaswa kwenda kukaa kwenye nguzo yake ndani. Jina, mtaa, mguu gani, uliondoka kwa nini, na chini kabisa kisanduku kimoja cha maumivu: andika namba kutoka sifuri mpaka kumi.

Kisanduku hicho kilinitesa. Nilikuwa nauliza, "Papa, ndani ya kumi, inauma ngapi?" na watu wananijibu kwa hadithi. Mzee mmoja wa reli kutoka Luena alisema, "Inauma kama treni ya mizigo. Pole pole, lakini haiishe." Mwingine wa Kabongo: "Inauma kama vile bokilo yangu, baba ya bibi yangu, ananiita, na minyi najua anataka nini." Mama mmoja alifikiri muda mrefu akasema, "Asubuhi au magaribi?" Hadithi nzuri zote, nilitaka kuziandika zote, na kisanduku kinataka namba moja tu, kwa hiyo nikakiacha wazi.

Siku moja nikiwa nachokonoa ndani ya vifaa vya kutengenezea fomu, kwa udadisi tu, wala sikutumwa, nikakuta picha ndogo ya mstari na kitufe juu yake. Kwa Kifaransa wanaita curseur. Ni kama kile cha kupandisha sauti kwenye redio: unakisukuma huku, unakivuta huku. Nikakichora kwenye fomu, mahali pa kile kisanduku. Kikakaa! Nikakipa mwanzo sifuri na mwisho kumi, nikakipa mikato midogo kama ya rula. Papa Anaclet akakiita kitelezi, na jina likashika.

Watu walikipenda mno. Mtu ambaye hakuwahi kugusa kompyuta alikuwa anashika kipanya mwenyewe, anateleza, anaona kitufe kinamfuata. Kuna mwanajeshi mstaafu, mnamjua, yule tunayemwita Papa Adjudant, mguu wake aliuacha mbali na hajawahi kusema wapi. Yeye alikishika kipanya kama mtu aliyeshika kware hai, hataki kumkaba na hataki aruke. Akasukuma kitelezi mpaka mwisho, kumi, akanyoosha mgongo kama amepiga saluti.

"Aksanti sana, mutoto," akasema, na mimi sikujua ananishukuru nini.

Furaha ile haikudumu. Papa Anaclet, ambaye kompyuta huiangalia kwa mbali kama mbwa wa jirani, ndiye aliyeona. Nilikuwa nimemaliza kuandika habari za mzee wa reli, nikafungua karatasi mpya ya mtoto wa shule aliyekuja na shangazi yake. Mtoto hajagusa kitu. Kitelezi kiko saba.

"Huyu mutoto na yule muzee banaumwa sawa sawa?" akauliza.

Nikarudi kwa mzee: saba. Nikaenda kwa mama wa wiki iliyopita: saba. Nikafungua jedwali lenyewe, kule stoo, nikatafuta nguzo ya maumivu. Tupu, kutoka juu mpaka chini. Kitelezi kilikuwa kinateleza kwa uzuri wake wote na hakipeleki kitu popote. Kilibaki tu pale mtu wa mwisho alipokiacha, kisha kinamsalimia mtu wa kwanza kwa maumivu ya mwingine.

Sisi tumekulia kando ya reli, mtanielewa nikisema hivi: nilikuwa nimepaka behewa rangi nzuri, nimeliweka kwenye reli, na sijalifunga kwenye kichwa cha treni. Kichwa kinapiga honi, kinaondoka, behewa linabaki stesheni limejaa watu wanaopunga mikono.

Namna ya kulifunga ni hii, na ninaiandika kwa sababu siku moja mashine itaharibika na ninyi mtaanza upya. Unafungua fomu kwa upande wa kuitengeneza, siyo wa kuijaza. Unabonyeza kitelezi kimoja tu, unafungua dirisha la sifa zake, unaenda kwenye sehemu ya data. Hapo kuna mstari unaouliza: habari zako zinatoka wapi? Kwangu ulikuwa mtupu. Kuna mshale mdogo pembeni. Ukiubonyeza, yanashuka majina ya nguzo zote za jedwali. Unachagua maumivu. Basi. Kazi yote iliyonitafuna siku nyingi ni kubonyeza mshale mmoja.

Ila mshale huo peke yake haukutosha. Kwanza kilikataa, kwa sababu wageni walikuwa wameiandika ile nguzo kuwa ya maneno, na kitelezi hakijui maneno, kinajua namba. Nikaibadili kuwa ya namba. Kisha kila nilipofungua karatasi mpya mashine ililia na kunionyesha onyo. Hilo lilinichukua muda. Nilikaa mbele yake nikijiuliza, kwa nini inalia kwa mgonjwa mpya tu, kwa wa zamani inanyamaza? Mwishowe nikaelewa: kisanduku cha kuandika kinaweza kubaki wazi, lakini kitelezi hakiwezi kubaki bila mahali. Kitufe lazima kisimame pahali fulani, na kwenye karatasi mpya nguzo haina kitu. Nikaiambia nguzo: kama hujapewa namba, anza na sifuri. Mashine ikanyamaza.

Kisha nikafanya jambo ambalo nawaomba mlifanye kila mara, hata mkiwa na haraka, hata mgonjwa akiwa anakohoa mlangoni. Nilisogeza kitelezi, nikafunga fomu, nikaifungua tena. Msikisifu kitelezi kabla hamjafunga na kufungua. Kikirudi pale pale kilipoachwa, kimefungwa kwenye treni. Kikirudi pengine, kinawadanganya kwa tabasamu.

Kilirudi pale pale. Niliimba, kisha nikawatelezesha upya wote waliotangulia, na mara hii namba zao zikakaa stoo.

Na sasa nafika kwa Mama Béa.

Ninyi mnamjua anayeleta mikate ya mafuta na kelele. Wakati ule alikuwa mpya kwetu. Mume wake mwanajeshi wa base, yeye mwenyewe ametokea kule Mbandaka, Kiswahili chake alijifunzia barabarani akimfuata mume kutoka kambi hadi kambi. Pikipiki ilimwangusha njia ya Kaniama na mguu ukaondoka chini ya goti. Alipewa mguu wa kwanza mahali pengine, akarudi nao kuuza mikate kwenye geti la base, kusimama kutwa. Mimi aliniita bibi ya machine. Kila akiingia: "Bibi ya machine, bwana yako anaendelea? Ameamka? Anakupatia chakula?" Karakana nzima inacheka, na yeye anakaa kwenye benchi, anavua mguu, anaufunika uliobaki kwa kitenge haraka sana.

Mwaka ule fundi mkuu, Technicien Prosper, alikuja kutoka Lubumbashi na tanuri lake dogo na plastiki ya kutengeneza vikombe vipya. Mnajua anavyokuja: ndege ikipatikana, na ndege ikimrudia anaondoka. Plastiki aliyobeba haikutosha wote waliokuwa kwenye benchi. Akaniuliza kama mashine inaweza kupanga watu kwa maumivu, anayeumia zaidi awe wa kwanza. Inaweza, nikasema, na moyo wangu ukavimba kwa fahari. Nikabonyeza. Majina yakajipanga.

Wa kwanza, Papa Adjudant, kumi. Wa mwisho kabisa, Mama Béa, sifuri.

Prosper akaita jina la kwanza. Papa Adjudant akapanda kwenye kiti kirefu, akakunja suruali. Bandeji za plasta, za kuchukulia umbo la mguu, zikatumbukizwa kwenye beseni, zikaanza kutoa mapovu. Mama Béa, aliposikia yeye ni wa mwisho na plastiki haitamfikia, alisema "sawa" kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, akaanza kujifunga tena ule mguu wake wa zamani. Kuikosa plastiki wakati ule kulikuwa na maana ya kungoja ndege nyingine, na hakuna aliyejua lini.

Papa Anaclet akanijia karibu.

"Fifi, huyu mama, siku ile nilipaka rangi ndani ya mugulu yake. Alipotoa, ngozi yote ilikuwa nyekundu. Yote. Sijapata kuona vile. Na mashine yako inasema sifuri?"

Mimi, badala ya kuogopa, nilishikwa na udadisi mpaka vidole vikaniwasha. Vyombo viwili, mguu mmoja, majibu mawili. Rangi ya midomo inasema moto, kitelezi kinasema baridi. Nikawaza haraka: kamba imekatika tena? Nikasogeza kitelezi, nikafunga, nikafungua. Kimerudi pale pale. Kamba nzima. Basi ni ile sifuri ya kuanzia, niliyoiweka mimi ili mashine isilie? Labda siku ile hakuna aliyemwuliza, na sifuri ikajikalia tu kama mgeni asiyealikwa. Hilo lilikuwa rahisi kujua. Nikaenda kwenye benchi.

"Mama Béa, siku ile uligusa hiki kitu? Hiki cha kuteleza?"

"Niligusa, bibi ya machine. Nilikuta pale katikati, mulikuwa munacheza nayo. Nikavuta mpaka mwisho."

"Mwisho gani?"

"Ule wa sifuri."

"Juu ya nini, mama? Haikuwa inauma?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha.

"Weye, ile mugulu ilikuwa inanitoboa! Asubuhi siwezi kusimama, bantu ba base banakula mikate ya baridi juu yake. Sasa kitu kibaya vile unakipatia points ngapi? Ku masomo, mutoto asiyefanya kazi, mwalimu anamupatia nini? Nilimupatia sifuri. Afukuzwe."

Halafu kwenye kiti kirefu Papa Adjudant akaanza kucheka, kicheko kinatoka tumboni, mguu wake uliobaki unatikisika.

"Kumbe! Na minyi nilimupatia Papa Anaclet kumi juu ya kumi! Alinitengenezea muzuri, ningemupatia ngapi? Tisa? Angejiuliza nimekosa nini!"

Karakana ikalipuka. Mzee wa reli akasema yeye pia alitoa saba kwa sababu kazi ilikuwa nzuri ila alingojeshwa. Mama mmoja akasema alinipa nane mimi binafsi, kwa adabu yangu. Nikacheka mpaka nikashika meza. Miezi yote ile watu walikuwa wanatusahihisha kama walimu, wanatupa alama, na sisi tunaziandika kuwa maumivu! Nani hapa hajapitia shuleni, hata kwa mwaka mmoja, na kujifunza kwamba kumi ni ya kushangiliwa na sifuri ni ya kulia? Wageni walioandika kile kitabu walitoka mahali ambapo namba ya maumivu inajulikana. Hapa namba juu ya kumi inajulikana kwa jambo moja tu.

Kicheko cha Papa Adjudant ndicho kilichokatika kwanza. Nilimwona akiangalia beseni, kisha akamwangalia Mama Béa aliyekuwa bado anafunga mikanda.

"Kwa hiyo minyi niko wa kwanza hapa," akasema pole pole, "juu ya points za adabu."

Prosper, ambaye mikono yake ilikuwa tayari imelowa, akasema, "Mzee, jina lako liko juu na umeshapanda. Mimi nafuata orodha. Sitaki ugomvi kwenye benchi."

Na ni kweli nafasi ilikuwa yake. Kikombe chake kilikuwa cha zamani, angefurahia kipya, na angekaa kimya hakuna mtu angemlaumu. Alikaa hivyo kidogo, suruali imekunjwa. Kisha akaikunjua. Akashuka kwenye kiti, akaja mezani kwangu na magongo yake, akanyoosha mkono.

"Leta ile kware," akasema. Ndivyo alivyoita kipanya; kumbe hata yeye alijiona anakishika kama kware.

Akavuta kitelezi kutoka kumi, akishuka, akishuka, akakiacha kwenye mbili. "Usiku tu, kukiwa baridi," akasema. "Andika vile."

Prosper akatazama bandeji zake. "Plasta haingoji hotuba," akasema. "Nani anapanda? Huyu mama kwenye mashine bado ana sifuri."

"Basi asogeze mwenyewe," nikasema. Lakini nimwulize kwa maneno gani? Kama namba zilitudanganya mara ya kwanza, zingetudanganya mara ya pili. Papa Anaclet ndiye aliyechuchumaa mbele ya Mama Béa.

"Mama, sahau points. Waza mbabula yako, jiko ya kupikia mikate. Huku kushoto, mbabula haiko hata na kaa moja, unaweza kuikalia. Huku kulia, umeijaza makala ya moto na upepo unapuliza. Sasa mugulu yako iko wapi?"

Mama Béa hakutania. Alishika kipanya kwa mikono miwili. Kitelezi kikaanza kwenda kulia, kikapita katikati, kikafika mwisho, na yeye akaendelea kusukuma, kitufe kimesimama na mkono bado unakwenda, mpaka kipanya kikafika ukingoni mwa meza kikaanguka na kuning'inia kwa waya wake.

"Iko pale," akasema. "Na kisha mbele kidogo."

Hakulia. Sisi wengine sitawasemea.

Prosper alimwonyesha kiti. Plasta ilikuwa imebakiza muda mchache tu; aliizungusha haraka kwenye ule mguu mwekundu, na Papa Adjudant, kwa vile alikuwa amesimama karibu na hana kazi, akaombwa ashike taa ya mkononi. Aliishika kwa heshima zote, kama bendera.

Kabla ya jua kuondoka kwenye paneli niliwauliza tena wote waliokuwa kwenye benchi, kwa mbabula. Waliokuwa juu walishuka, waliokuwa chini walipanda, na Prosper alifuata mpangilio mpya mpaka plastiki ilipoisha. Wawili walibaki bila kitu, na hao nao walikuwa wamejisogeza wenyewe upande wa baridi.

Kwa hiyo zile picha mnazoziona kwenye fomu, mbabula tupu kushoto na mbabula yenye moto kulia, siyo mapambo. Papa Anaclet alizichora kwa penseli na mimi nikazipiga picha kwa simu. Namba nilizificha, ziko kule kwenye nguzo ya jedwali, mashine inazihitaji, mgonjwa hazihitaji. Na ule mkato wa kwanza kabisa, mbali kidogo na mbabula tupu, ulioandikwa "bado", ndiyo sifuri ya kuanzia. Maana yake hatujamwuliza huyu mtu. Mkiikuta karatasi iko kwenye "bado", msiseme haumwi. Nyanyukeni mkamwulize. Na rangi ya midomo endeleeni kuipaka, hata kitelezi kikiwa kinafanya kazi vizuri. Vyombo viwili vikigombana, hapo ndipo kazi inapoanza kuwa tamu.

Siwaambii nilipandishwa lini wala nililipwa nini, hayo hayamsaidii mtu kutembea. Nawaambia tu kwamba kila niliposhangaa kitu hapa, nikauliza, nilipata kitu cha kushangaza zaidi nyuma yake. Ndiyo maana naenda Lubumbashi. Nataka kujua kwa nini kikombe hakiko duara. Papa Anaclet alinijibu siku ile ya kwanza, lakini sikumwelewa vizuri, na tangu hapo naona aibu kumwuliza tena.

Jana Mama Béa alikuja kuniaga. Alitembea kutoka getini bila gongo, beseni ya mikate kichwani, akasimama mlangoni.

"Bibi ya machine, nasikia unamuacha bwana yako."

"Namwachia Nadège, mama."

"Atamweza? Huyu bwana anapenda kulia." Akatua beseni, akavuta kiti changu akakikalia kabla Nadège hajapata nafasi. "Fungua jina yangu."

Nikalifungua. Akashika kipanya, kwa mkono mmoja sasa, akakivuta kitelezi kuelekea kushoto, mbali na moto, mpaka karibu kabisa na mbabula tupu. Nilikuwa tayari kupiga makofi. Akasimama. Akafikiri. Akakirudisha mkato mmoja kulia.

"Asubuhi," akasema, "nikishuka kitandani. Kuna kaa moja mule ndani, ndogo. Usiniandikie ya bure."

"Siandiki mimi, mama. Umeandika weye."

Nikafunga fomu mbele yake. Akashtuka: "Umeifuta?" Nikampisha Nadège, na Nadège akaifungua tena, akatafuta jina. Tukainama wote watatu kutazama.

Kilikuwa pale pale alipokiacha.